Kwenu Tanki Liko Wapi?

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za bweni. Kijana anayechukua nafasi yangu alizipokea, akazipima mkononi kama mtu anayenunua nyama, akaniuliza, "Mzee, hawa watoto wanashikwanga namna gani?"

Nikamwambia hawashikwi.

Akacheka, akidhani ninamtania. Nilitaka kumweleza, lakini maneno yangu huja polepole, na kabla hayajafika alikuwa tayari anakimbia kwenda jikoni kwa sababu kuna mtoto alikuwa juu ya paa. Kwa hiyo ninamwandikia, yeye na wengine watakaokuja. Kuandika nako ninaandika polepole. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, na hata huko sikuwa mtu wa kuinua mkono. Lakini karatasi haina haraka.

Kazi hii niliianza miaka ya tisini, nikiwa kijana mwenye haya. Kwetu Lumakanda nilikuwa nikizunguka nyuma ya nyumba ili nisisalimie wageni. Mjomba wangu aliyekuwa akipeleka mahindi Kakamega alisikia kwamba kuna shule inatafuta mtu wa kuteka maji na kulala na watoto bwenini. Akasema kazi hiyo inanifaa kwa kuwa haina maneno mengi. Mjomba hakuwahi kuiona kazi yenyewe.

Ilikuwa shule ya msingi ya kawaida, nje kidogo ya mji. Nyuma yake, ukishapita migomba, kulikuwa na kitengo maalumu: darasa moja, bweni moja, jiko, na tanki la maji la saruji. Watoto wa kitengo hawakuwa vipofu wala viziwi. Walikuwa wale walioshindikana katika shule nyingine. Waliuma, walirusha vitu, walipiga vichwa ukutani, walitoroka katikati ya somo. Watu walisema wana mapepo. Waliombewa, wengine mara nyingi, wakarudi kwetu vile vile, ila wamekonda.

Siku yangu ya kwanza, msichana mmoja aitwaye Mideva aliniuma mkono kabla sijaweka mfuko wangu chini. Nikamwambia, "Pole."

Mwalimu wa kitengo alikuwa mlangoni. Aliitwa Mwalimu Rispa, mama mfupi mwenye sauti ya chini, na darasa lote lilikuwa lake peke yake. Akaniuliza, "Wewe ndiye umeumwa, halafu ni wewe unatoa pole?"

"Ameng'ata mfupa, Mwalimu," nikasema.

Akamgeukia mpishi. "Huyu atakaa."

Sidhani kama nilisema neno lingine siku ile.

Mwanzoni kazi yetu ilikuwa kushika. Mtoto akilipuka, mimi, mpishi na Mwalimu tulimshika mikono na miguu mpaka apoe. Ukimaliza huyu, yule anaanza. Jioni nilikuwa nikishindwa kuinua tonge la obusuma, ugali wetu, si kwa njaa bali kwa mikono kuuma. Jioni moja kama hiyo, tumekaa kwenye ngazi ya jiko, Mwalimu alijikanda viganja, akasema, "Tunawashika vizuri sana. Sasa wakitoka hapa, nani atawashika?"

Naye hakuwa akiniuliza mimi.

Baada ya hapo alileta mikebe. Ilikuwa mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, kila mtoto wake, yenye alama aliyoichora mwenyewe kwa makaa. Mpango ulikuwa huu. Kengele ya kila somo ikilia, mtoto anajiuliza, "Nilijishika?" Anajibu mwenyewe, kwa sauti. Mwalimu naye ana jibu lake kichwani. Majibu yakikubaliana, mtoto anapata alama moja ndani ya mkebe. Yasipokubaliana, hapati.

Soma hapo tena, kijana, maana hapo ndipo watu wote walipopotea. Alama haikuwa ya kutulia. Ilikuwa ya kujiona sawasawa. Mtoto aliyepindua meza, kisha akasema, "Sikujishika, nilipindua meza," alipata alama. Aliyepindua meza na kusema alikuwa ametulia hakupata. Mwalimu Rispa alisema kwamba mtu hawezi kushika kitu asichokiona.

Tulianza na punje za mahindi, wakazichoma wakazila. Kokoto tulizikataa kwa sababu ambayo mtu yeyote aliyefanya kazi hii anaijua. Mwishowe nikawa ninapita kwenye vioski vya barabarani kila Jumamosi kuokota vizibo vya soda. Vilikuwa vizuri. Kizibo kikianguka kwenye mkebe kinalia, na mtoto anajisikia.

Katika watoto wote, nitawaeleza habari za mmoja tu, Shivachi wa Malinya.

Mama yake alimleta akiwa na umri kama wa miaka kumi na mbili. Alikuwa na kovu kuzunguka kifundo cha mguu, limekuwa gumu kama kisigino. Mama hakulificha. Alisema mashamba ya kwao yamejaa mashimo ya wachimba dhahabu. Kijana akikasirika hukimbia bila kutazama, na mara mbili watu walimtoa shimoni. "Nikienda kulima ninamfunga kwenye nguzo," akasema. "Ninamfunga nikilia, Mwalimu. Lakini ninamfunga." Kisha akauliza kama mtoto atawahi kukaa nyumbani bila kamba. Hilo tu ndilo alilotaka kwetu. Hakuuliza habari za mtihani wala za kusoma.

Mwalimu Rispa hakumwahidi. Alisema, "Tutaona naye."

Shivachi alikuwa mrushaji. Kikombe, kiatu, kuni, chochote. Na alirusha vizuri, hilo ndilo lililotusumbua. Wiki nyingi mkebe wake ulikaa mtupu, kwa sababu kila akiulizwa alijibu, "Nilijishika," huku kiatu cha mwenzake kikiwa juu ya mti. Siku moja kengele ililia, akasema, "Sikujishika. Lakini yeye ndiye alianza." Mwalimu akatia kizibo. Shivachi alikitazama kile kizibo kwa hasira.

"Ya nini? Si nimekosa?"

"Umekosa, na umeona kwamba umekosa. Hiyo ni ya kuona."

"Mwalimu, wewe umeharibika kichwa."

"Labda. Chukua basi."

Baada ya hapo Mwalimu aliwauliza wote jambo moja: hasira ikija, huanzia wapi mwilini? Mideva alisema masikio yake huwa moto. Mwingine alisema meno. Shivachi alifikiri sana, akasema, "Miguu. Miguu inataka kuchimba." Baba yake alikuwa akifuga fahali wa kupiganisha, kama watu wengi wa Malinya, na Shivachi akasimama kumwonyesha Mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa mjini na hajui. Akainamisha kichwa, akakwaruza sakafu kwa mguu mmoja, halafu mwingine. "Ng'ombe akifanya hivi, mwenye akili anatoka njiani," akasema. Darasa zima lilikwaruza sakafu mpaka saa ya chakula.

Lakini sasa Shivachi alikuwa na dalili yake. Wakakubaliana na Mwalimu kwamba miguu ikianza, hatauliza ruhusa. Atainua ngumi juu, atatoka, ataenda kukaa ameegemea tanki la maji, kwenye ile saruji yenye baridi, na miguu ikiisha atarudi mwenyewe. Hakuna atakayemfuata.

Hakuna atakayemfuata, maana yake mimi. Katika miaka yangu yote sijapewa kazi ngumu kuliko hiyo ya kukaa. Unamwona mtoto anaelekea kwenye tanki, na nyuma ya tanki kuna ua wenye pengo, na nyuma ya ua kuna barabara. Miguu yako mwenyewe inataka kuchimba. Unakaa. Mara ya kwanza alitoroka, tukamtafuta mpaka jua likazama. Mara ya pili alitoroka tena. Mara ya tatu alirudi, mgongo umelowa, akaketi akachukua kalamu kama mtu aliyetoka chooni.

Watoto walipoona mambo ya mikebe yamekolea, walidai na mimi niwe na wangu. Mideva ndiye aliyewaongoza. "Ankal naye ana shida. Ankal haongei." Wote waliniita Ankal, kama mjomba wao. Mwalimu alicheka, akanipa mkebe. Jambo langu lilikuwa kupeleka chai kwenye chumba cha walimu wa shule kubwa na kuwasalimia kwa sauti. Mideva alinifuata akasimama dirishani kusikiliza.

"Ankal, ulijishika?"

"Niliwasalimia."

"Ulisalimia kwa midomo tu. Sauti haikutoka. Hakuna kizibo."

Alikuwa sahihi. Mkebe wangu ulikaa mtupu kuliko wa mtoto yeyote.

Kisha mambo yakaharibika. Shule ilipata naibu mpya wa mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa alama. Alipita darasani kwetu siku moja Mwalimu Rispa akiwa mjini, akaona mikebe, akauliza ni ya nini, na watoto wakamwambia ni ya kujishika. Akachungulia. Wenye vizibo vichache aliwachapa, kila mmoja kwa kadiri ya uvivu wake. Mideva alimuuma. Naye akachapwa zaidi.

Kuanzia kesho yake mikebe yote ilijaa. Kila kengele, kila mtoto, "Nilijishika, nilijishika." Wengine walikuwa wakiokota vizibo wenyewe barabarani na kujazia. Watoto walikuwa wakiumizana nyuma ya choo, na mikebe inalia kama sadaka ya Pasaka. Mwalimu Rispa alivumilia wiki moja. Halafu alimwaga vizibo vyote kwenye beseni mbele yao, akaleta mkebe wa kwake, akauweka mezani. Kengele ilipolia alisema, "Leo nilimpigia Shivachi kelele ambayo hakustahili. Sikujishika. Nani alinisikia?" Mikono yote ikainuka. Akajitilia kizibo.

Ilichukua karibu muhula mzima warudi kusema kweli. Nilimwona Mwalimu akizeeka muhula ule. Naibu alimwambia kwamba anafundisha watoto kujivunia makosa, na kwamba yeye ana shule nzima ya kulinda. Akatoa onyo: Shivachi akirusha kitu kingine upande wa shule kubwa, anarudi kwao.

Kwenye shule kubwa kulikuwa na wavulana waliojua habari za kovu lake. Wakimwona walikuwa wakiita, "Kamba! We Kamba, umefunguliwa na nani?" Mara nyingi niliiona ngumi ikiinuka na Shivachi akielekea kwenye tanki. Nilianza kuamini.

Siku ya siku, wakati wa mapumziko, tulisikia kioo kikipasuka. Jiwe lilikuwa limeingia ofisini kwa naibu na kuua birika ya chai. Hakuna aliyeumia. Nilipofika pale, naibu alikuwa ameshawakamata wavulana wawili wa darasa la sita wenye manati mfukoni, na fimbo iko mkononi. Walikuwa wakilia kwamba si wao. Kwa tabia yao, mimi mwenyewe nisingewaamini.

Shivachi akaja kutoka upande wa migomba. Hakuna aliyemwita. Alipita katikati ya watu akasimama mbele ya naibu.

"Si hawa. Ni mimi. Waliniita Kamba. Miguu ilianza, na sikuenda kwa tanki."

Kisha akamgeukia Mwalimu Rispa, ambaye alikuwa amekuja mbio na chaki mkononi, akanyoosha kiganja. Alikuwa akingoja kizibo chake.

Naibu aliuliza, "Anataka nini?"

Mwalimu aliingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa kizibo, akakiweka kwenye kiganja kile. Alikuwa na machozi. Mimi nilifungua mdomo na kwa mara ya kwanza sauti ilitoka mbele ya walimu wote. "Amesema kweli," nikasema.

"Ndiyo," akajibu naibu. "Kwa hiyo tumeelewana. Anarudi kwao."

Mwalimu Rispa alibishana naye ofisini mpaka kengele ya jioni. Alisema kama ukweli unamfukuza mtoto, basi kesho watoto wote wa kitengo watakuwa waongo, na atakuwa yeye naibu aliyewafundisha. Naibu alisema neno lake analijua kila mzazi, na akilirudisha nyuma hatasikilizwa tena. Nadhani kila mmoja aliamini anachosema.

Mama yake alikuja kumchukua. Mwalimu alimpa mkebe na mfuko wa vizibo, akamweleza. Mama alisikiliza, akaupindua ule mkebe kutazama chini yake. "Mwalimu, mimi nina shamba. Nitakaa nikitia vizibo hadi lini?" Hakuuliza tena habari ya kamba, na sisi hatukuitaja.

Shule zilipofungwa, Mwalimu alinituma Malinya nikamwone. Alinituma mimi kwa sababu yeye alikuwa na homa, au alisema ana homa. Nilifika adhuhuri. Baba yake, mtu mrefu mwenye koti la mvua, alikuwa akimkatia fahali wake majani ya nepia. Mama alikuwa akipepeta maharagwe. Kwenye nguzo ya boma la ng'ombe Shivachi alikuwa amekaa, na kamba iko mguuni.

"Mirembe," nikawasalimia kikwetu.

Mama aliniona nilipotazama. "Ankal, usinitazame hivyo. Si mimi. Ameileta mwenyewe."

"Ameleta nini?"

"Kamba! Nilikuwa nimeitupa kule juu ya dari. Ninatayarisha jembe, ninamwona anakuja nayo. Ananiambia, 'Mama, miguu imeanza, nifunge.' Sasa wewe ungefanya nini?"

Baba yake alisema bila kusimamisha panga, "Ng'ombe huyu nimekaa naye tangu akiwa ndama na hajawahi kuniambia ameanza. Huyu anasema mwenyewe. Mmemfundisha vizuri. Lakini bado anafungwa."

Nilikaa chini karibu na Shivachi. Nilikuwa nimechoka, na safari haikuwa sababu. Kila kitu tulichomfundisha alikuwa amekifanya. Aliiona hasira, akaisema, akatafuta mahali pa kuipeleka.

"Kwa nini hukwenda kukaa?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mimi ndiye mtoto. "Nikae wapi, Ankal? Huku hakuna tanki."

Hapo ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tumemfundisha tanki la shule. Hakuna hata mmoja wetu, pamoja na ujanja wote wa vizibo, aliyewahi kumuuliza kwao ataegemea nini.

Nilimfungua. Mama alisimama na ungo mkononi, lakini hakunizuia. Tukazunguka boma lote mimi na Shivachi, tukijaribu mahali. Ukuta wa jiko aliukataa, una moto. Mgomba aliukataa, unalegea. Nyuma ya boma la fahali kulikuwa na jiwe kubwa, nusu yake imezama ardhini, lenye kivuli na baridi, ambalo fahali alikuwa akijikunia. Shivachi aliliegemea kwa mgongo. Akakaa. Akafumba macho.

"Kidogo linafanana," akasema.

Kisha ikabidi niwaeleze wazazi, na hakukuwa na Mwalimu Rispa wa kunisemea. Niliwaeleza habari ya ngumi, na kutofuata, na kwamba mara ya kwanza huenda akakimbia. Mama aliuliza kuhusu mashimo. Nikamwambia sijui, kwamba na sisi tuliogopa barabara. Baba alisema, "Basi mimi nitasimama kwenye njia ya mashimo, nikate nepia huko. Si kumfuata. Ni kukata nepia." Niliongea mpaka koo likakauka. Nilieleza, nikarudia, mama akanibishia, nikaeleza tena. Sikumbuki kama nimewahi kuongea vile tena, hata siku ya harusi yangu.

Nilipoaga, Shivachi alinifuata hadi kwenye njia. Mkebe ulikuwa kwapani.

"Ankal, ulijishika?"

Nilifikiri. "Niliongea," nikasema. "Lakini nilipoona kamba nilitaka kurudi njiani bila kubisha hodi."

Akaitikia kwa kichwa kama Mwalimu Rispa. Akatoa kizibo kwenye mkebe wake, akanipa.

Hakurudi shuleni. Mwalimu aliomba kila muhula mpaka akahamishwa, na jibu lilikuwa lile lile. Mama yake alikuwa akitupitia siku za soko. Mwaka ule alisema kamba bado inatumika, ila si kila wiki. Mwaka uliofuata alisema ni ya kufungia kuni. Safari iliyofuata hakuitaja kabisa, alilalamika juu ya bei ya sukari, na Mwalimu Rispa akaenda nyuma ya jiko kufuta uso.

Tangu hapo mtoto akija kitengoni hatuanzi na mkebe. Tunamuuliza yeye na aliyemleta, kwenu tanki liko wapi? Kama halipo, mlezi wa bweni anaenda kulitafuta naye, hata kama ni mbali, hata kama mvua inanyesha. Kazi hiyo itakuwa yako sasa. Itakuchosha. Mimi imenichosha mpaka mgongo umekataa, na wengi wa watoto wangu sikuwapatia mahali pa kuegemea.

Nilipokupa funguo uliona nimetoa kitu kwenye kishikio cha funguo nikakitia mfukoni, ukauliza ni nini, sikukujibu. Ni kizibo, kimeshika kutu. Hicho sikuweza kukukabidhi. Nilipewa na Shivachi.